Televisheni Ilipokuwa na Saa ya Kulala

Saa tisa alasiri ya tarehe 7 Juni 1946, juu ya kilima cha Alexandra Palace kaskazini mwa London, mtangazaji Jasmine Bligh alisimama mbele ya kamera, akawaamkia watazamaji na kuwauliza kama bado wanamkumbuka. Alikuwa na haki ya kuuliza. Tarehe 1 Septemba 1939, siku Wajerumani walipoivamia Poland, BBC ilionyesha katuni ya Mickey Mouse, mafundi wakapima mitambo, kisha wakazima kila kitu. Mawimbi yanayorushwa kutoka kwenye mlingoti mmoja mrefu yangeweza kuwaongoza marubani wa adui hadi katikati ya jiji. Kwa karibu miaka saba vioo vikabaki vyeusi. Waliporudi hewani wakaionyesha katuni ileile, kama mtu anayeendeleza mazungumzo pale alipokatizwa, na kesho yake wakazipeleka kamera mjini kuonyesha gwaride la ushindi.

Naanza na siku hiyo kwa sababu ndiyo aliyopenda kuanza nayo fundi aliyenifunza kazi. Mimi sikuwapo; nilikuwa hata sijazaliwa. Nilitoka Mombasa nikiwa kijana, mwishoni mwa miaka ya 1960, nikapata kibarua katika duka la kutengeneza redio na televisheni, kwenye barabara inayopanda kuelekea kilima hichohicho. Wakati huo habari za BBC zilikuwa bado zinasomwa kule juu. Zilihama mwaka 1969. Mwenye duka alikuwa Mwingereza mwembamba, mzito wa maneno, lakini akishafungua mgongo wa televisheni ya zamani hanyamazi tena. Nilimwita Mzee, kwa sababu kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake kulinishinda, naye akazoea. Sasa mzee ni mimi, na yale aliyonisimulia nayaona kama amana iliyokaa kwangu muda mrefu mno.

Vita vilipokwisha, Mzee alikuwa fundi wa rada katika jeshi la anga. Alirudi nyumbani na ujuzi mwingi na fedha kidogo. Televisheni ya dukani ilikuwa bei ya kutisha kwa mtu wa mshahara wa kawaida, tena hazikuwa nyingi. Lakini huko Lisle Street, katikati ya London, kulikuwa na maduka yaliyouza mabaki ya jeshi: valvu, nyaya, transfoma, na zile tyubu za rada zenye namba VCR97, upana wake inchi 6. Vijana waliotoka jeshini wakazinunua, wakachukua michoro iliyokuwa ikichapishwa katika majarida ya mafundi, wakajiundia televisheni zao mezani jikoni. Kioo cha rada kinatoa mwanga wa kijani. Kwa hiyo katika nyumba ya Mzee kila kitu kilikuwa kijani: watangazaji na magauni yao ya jioni, farasi wa mashindano, hata theluji. Mama yake alitazama hivyo kwa miaka, na waliponunua televisheni ya kweli yenye picha nyeusi na nyeupe, alisema watu wote wameparara kama wagonjwa.

Hadithi hiyo niliisikia mara nyingi na sikuichoka. Chombo kilichotengenezwa kutafuta ndege za kuua watu kiligeuzwa kikamwonyesha mama mzee watu wakicheza dansi. Kuna jambo lingine lililomtia Mzee fahari: mtambo wenyewe wa Alexandra Palace haukulala wakati wote wa vita. Mwaka 1941 ulitumiwa kuvuruga mawimbi yaliyokuwa yakiziongoza ndege za Ujerumani kwenye shabaha zao. Wenyeji wa mtaa walidhani mlingoti ule umekufa, kumbe ulikuwa kazini.

Alinifunza kazi kwa kanuni moja kabla ya nyingine zote: mkono mmoja uwe mfukoni. Ndani ya televisheni ya zama zile mna umeme wa maelfu ya volti, na tyubu hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Ukigusa kwa mikono miwili, umeme utapita kifuani. Kwa hiyo ukimtazama akifanya kazi ungedhani ni mtu aliyepumzika, amesimama mkono mfukoni, anachokonoa kwa bisibisi ndefu. Wateja wetu wengi walikwisha kununua televisheni mpya, zinazochora picha kwa mistari 625, lakini mabibi kadhaa wa mtaani walikuwa bado wanashikilia za mistari 405, na mmoja alikuwa na Bush TV22 ya mwaka 1950: sanduku la bakelaiti ya rangi ya kahawia, mabega ya mviringo, kioo cha inchi 9. Ukiiwasha hupati kitu. Unasubiri. Valvu zinaanza kuwa nyekundu, moja baada ya nyingine, vumbi la ndani linapata moto na kutoa harufu yake, halafu sauti inakuja kabla ya picha. Picha ikija, inakuja na mluzi. Mistari 405 inachorwa mara 25 kwa sekunde, na hiyo ni mistari 10,125 kila sekunde. Transfoma inayofanya kazi hiyo hutetemeka kwa kasi hiyohiyo, na sikio la kijana linausikia mtetemo huo vizuri kabisa. Watoto wa zama zile waliweza kupita nje ya nyumba wakajua kama televisheni imewashwa, bila kusikia neno hata moja la mtangazaji.

Picha yenyewe ilikuwa hafifu, ndiyo maana watu walifunga mapazia mchana kweupe. Waliotaka kuikuza walifunga mbele ya kioo lenzi kubwa iliyojazwa mafuta, na hapo mpangilio wa kukaa ukawa jambo zito, kwa sababu aliyekaa katikati aliona vizuri na wa pembeni waliona sura zilizopinda. Viti vya katikati vilikuwa vya wakubwa na wageni. Gari likipita barabarani, cheche za injini yake zilitawanya vitone vyeupe juu ya kioo. Katika mtaa wa Mzee daktari ndiye aliyekuwa na gari, na watu walijua anaitwa kwa mgonjwa kwa kuona vitone katikati ya mchezo wa kuigiza. Mama yake alikuwa akimwombea dua aliyeugua, hata bila kumjua ni nani, kisha akaendelea kutazama.

Na walitazama nini, kwa muda gani? Kwa muda wa saa moja hivi alasiri, kisha kuanzia saa mbili na nusu usiku mpaka karibu saa nne. Basi. Kituo kimoja tu, kinachofika kilomita sitini hivi kutoka kilimani, kwa wenye leseni ya pauni 2 kwa mwaka. Mwaka 1947 leseni za televisheni zilikuwa 14,560 tu. Philip Harben alipika mbele ya kamera wakati nchi nzima ilikuwa bado inapimiwa chakula kwa kuponi. Mgao ule haukwisha mpaka Julai 1954, na watu walimwangalia akivunja yai kwa makini ya kumwangalia mtu anayehesabu fedha. Annette Mills alikaa kwenye piano huku kikaragosi cha nyumbu, Muffin, kikiruka juu yake kwa nyuzi. Kulikuwa na michezo ya kuigiza, dansi, mabondia, bustani. Mwaka 1948 Olimpiki ilipokuja London, kamera ziliwekwa Wembley na watu wakaona mashindano yakiendelea dakika ileile yanapotendeka, jambo ambalo wengi wao hawakuwahi kulifikiria.

Karibu vyote hivyo vilikwenda hewani moja kwa moja. Hakukuwa na kanda ya video. Studio za Alexandra Palace zilikuwa mbili, A na B, ndogo kwa kazi iliyotakiwa, na taa zilizohitajika ili kamera zile zione zilitoa joto la kumyeyusha mtu rangi usoni. Mwigizaji akimaliza sehemu moja alikimbia nyuma ya mapazia, akiruka nyaya, akavuliwa koti na kuvishwa jingine, na kufika upande wa pili kabla kamera haijageuka. Akisahau maneno, amesahau mbele ya nchi. Mchezo wa Jumapili usiku ulirudiwa Alhamisi, na huko kurudia si kama tunavyokujua sasa: waigizaji walirudi wote studio wakaucheza upya tangu mwanzo hadi mwisho. Aliyeuona Jumapili na Alhamisi ameona michezo miwili.

Mzee aliniambia kwamba katika michezo ile kulikuwa na hofu inayovuka kioo. Mtazamaji alijua kwamba yule pale, sasa hivi, yu hai katika chumba chenye joto umbali wa mwendo wa basi, na lolote linaweza kumtokea. Nimetazama vipindi vingi katika umri wangu, na sijawahi kuipata tena hofu ile kwenye kitu kilichokwisha kurekodiwa, kukatwa na kusafishwa. Wapo wanaosema ni mazoea ya wazee kusifu ya kale. Mimi nasema aliyekwenda kuangalia ngoma uwanjani, kisha akaangalia video yake siku ya pili, analijua jambo hili bila kufundishwa.

Televisheni ile ilikuwa pia inajua kunyamaza. Katika baridi kali ya mwaka 1947, makaa ya mawe yalipoadimika na umeme ukapungua, serikali ilisimamisha matangazo kuanzia tarehe 10 Februari hadi tarehe 11 Machi. Mwezi mzima, na nchi haikuanguka. Baadaye, hali ilipotengemaa, likabaki pengo la kila siku, saa kumi na mbili hadi saa moja jioni, ili wazazi wawalishe watoto na kuwalaza bila kushindana na kioo. Liliondolewa Februari 1957. Na kati ya kipindi na kipindi, wakati mafundi wanahamisha mapazia au mtambo umegoma, walionyesha filamu fupi zisizo na neno: farasi wakilima, paka mdogo akicheza na uzi, mawimbi, na ile maarufu kuliko zote, mikono ya mfinyanzi ikizungusha udongo kwenye gurudumu. Ukuta wa chungu unapanda, unanyooka, unashuka, unaanza tena. Chungu hakimaliziki. Watu wazima, waliotoka kazini, walikaa kimya wakaiangalia ile mikono, na hakuna aliyelalamika kwamba hapewi kitu.

Usiku wimbo wa taifa ulipigwa, mtangazaji akaaga, na hewa ikawa tupu. Ukizima, picha ilikimbilia katikati ya kioo ikawa nukta moja nyeupe, na nukta ilichukua muda wake kufifia. Hiyo niliiona kwa macho yangu dukani mara nyingi, na kila mara mteja alikuwa akisubiri mpaka ipotee ndipo achukue kofia yake.

Tangu Novemba 1997 BBC One haina tena saa ya kufunga. Na televisheni yenyewe imekuwa jambo dogo katika mafuriko makubwa zaidi. Nikiwa nyumbani kwa binti yangu naona kipindi kikiisha na kingine kinaanza chenyewe, kabla mtu hajapata nafasi ya kusema alichokiona. Wajukuu wangu wamekaa sebuleni pamoja, kila mmoja na simu yake, kila mmoja anacheka kwa wakati wake. Nawapenda, na siwalaumu hata kidogo. Hawakuuomba ulimwengu huu, waliukuta. Linalonihuzunisha ni kwamba hakuna aliyewaachia hata saa moja tupu. Wakati ule kulikuwa na watu ofisini, wenye madaraka, walioona ni wajibu wao kusema: sasa inatosha, kalaleni. Leo watu wenye akili nyingi kuliko wale wanalipwa kuhakikisha neno hilo halisemwi kamwe.

Sidai kwamba yote yalikuwa mema. BBC ilikuwa peke yake hewani, na iliongea kwa lafudhi moja ya watu wa tabaka moja. Hadi mwaka 1955 msomaji wa habari hakuonyeshwa uso, kwa hofu kwamba sura yake ingepunguza uzito wa habari. Kulikuwa na kanuni ya siku 14: jambo linalotarajiwa kujadiliwa bungeni ndani ya wiki mbili lilikuwa haramu kuzungumzwa hewani. Mwananchi alizuiwa kusikia mjadala wakati hasa alipouhitaji. Kanuni hiyo ilikufa katika msukosuko wa Suez mwaka 1956, na ilistahili kufa. Norman Collins, aliyeongoza televisheni ya BBC tangu mwaka 1947, alijiuzulu mwaka 1950 na kuwa miongoni mwa waliopigania kituo cha pili, cha kibiashara. Kilikuja tarehe 22 Septemba 1955, na tangazo lake la kwanza lilikuwa la dawa ya meno. Mzee hakumsamehe Collins. Mimi namwelewa Collins, kwa sababu mwenye ukiritimba husahau haraka kwamba sauti aliyonayo ni ya kuazima.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na tarehe 2 Juni 1953, siku Malkia Elizabeth alipotawazwa.

Elizabeth alipata umalkia akiwa kwetu Kenya. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 alikuwa juu ya mti, katika hoteli ya Treetops karibu na Nyeri, akiangalia wanyama, na baba yake akafariki Sandringham, Uingereza, usiku huo. Mwezi Oktoba mwaka huohuo hali ya hatari ikatangazwa Kenya, na Mei 1954 hoteli yenyewe ikachomwa moto na wapiganaji wa Mau Mau. Hayo nilikua nikiyasikia. Upande wa pili, wa kioo, nilikuja kuusikia dukani. Serikali ya Churchill haikutaka kamera zifike karibu katika ibada ya kutawazwa. Watu wakapiga kelele, magazeti yakapiga kelele, na uamuzi ukabadilishwa. Mitambo ilikuwa imeshajengwa Sutton Coldfield mwaka 1949, Holme Moss mwaka 1951, Kirk o'Shotts mwaka 1952, na sasa picha ilifika sehemu kubwa ya kisiwa. Siku ya kutawazwa mvua ilinyesha kutwa nzima. Zaidi ya watu milioni 20 walitazama, ilhali leseni zote hazikufika milioni 3. Piga hesabu mwenyewe: kila sebule yenye televisheni ilikuwa imejaa majirani.

Mzee alikuwa na televisheni nne za wateja dukani siku ile. Alizipanga dirishani zikiangalia nje, akaweka kipaza sauti mlangoni, na watu wakasimama barabarani chini ya miamvuli. Wengine aliwaingiza ndani, wakakaa juu ya masanduku ya valvu. Mtu aliyekuwa hasemi na ndugu yake kwa ugomvi wa urithi alijikuta amebanwa bega kwa bega naye mbele ya picha ya inchi 12, na Richard Dimbleby anaeleza kila hatua kwa sauti ya chini. Wakati wa kumpaka malkia mafuta matakatifu, kamera ziligeuzwa pembeni. Hapo hata televisheni iliona haya. Kisha msafara ukatoka, na Malkia Salote wa Tonga akapita katika gari la wazi, amekataa kujifunika, amelowa, anapunga mkono na kucheka. Mzee alisema barabara nzima ilishangilia. Hakuna aliyemjua asubuhi, na jioni alikuwa mpendwa wa kila nyumba.

Sina mapenzi na falme, na ndugu zangu wa bara walikuwa wakifungwa kambini kwa jina la taji lilelile. Nayakumbuka yote mawili kwa pamoja, wala moja halifuti jingine. Ninachokililia katika siku ile ni masanduku ya valvu yaliyokaliwa na majirani. Mwaka 1955 leseni zilivuka milioni 4.5; kila nyumba ikajitosheleza, na jirani akawa hana sababu ya kubisha hodi.

Kutawazwa kulirekodiwa, kwa sababu kulikuwa na namna ya kurekodi: kamera ya filamu iliwekwa mbele ya kioo cha televisheni ikapiga picha inayopita. Njia hiyo ilitumika tangu mwaka 1947, ila ilikuwa ghali, picha yake haikuwa nzuri, na vyama vya waigizaji na wanamuziki viliogopa kwamba kazi iliyohifadhiwa itawanyima wanachama wao kazi nyingine. Kwa hiyo waliohifadhi walihifadhi mambo ya wakubwa. Mengine yalikwenda na hewa. *The Quatermass Experiment*, mchezo wa kutisha wa kiangazi cha 1953, ulikuwa na sehemu sita. Zimebaki mbili za mwanzo. Katika ya pili mdudu anatambaa juu ya picha. Alitua kwenye kile kioo kilichokuwa kikipigwa filamu, hakuna aliyemfukuza, na mpaka leo anatembea juu ya nyuso za waigizaji. Nilipomwona mara ya kwanza nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na hadithi yenyewe: mdudu amepata kumbukumbu ya kudumu, na sehemu nne za mchezo hazina hata sekunde moja. Desemba 1954, tamthilia ya *Nineteen Eighty-Four*, aliyoigiza Peter Cushing, ilizusha malalamiko hadi bungeni. Ilichezwa upya moja kwa moja Alhamisi, na ni ile ya Alhamisi iliyorekodiwa. Ya Jumapili, iliyotikisa nchi, haipo.

Na hapa nafika kwenye lile linaloniuma zaidi. Septemba 1946, miezi mitatu tu baada ya kufunguliwa upya, Alexandra Palace ilicheza *All God's Chillun Got Wings* ya Eugene O'Neill, juu ya ndoa ya mwanamume Mweusi na mwanamke Mzungu. Robert Adams, mzaliwa wa Guyana ya leo, alikuwa ndani yake, pamoja na Pauline Henriques, mzaliwa wa Jamaika, ambaye hutajwa kuwa mwigizaji mwanamke Mweusi wa kwanza katika televisheni ya Uingereza. Karibu miaka miwili kabla ya meli ya Windrush kuwashusha Tilbury wahamiaji wake kutoka Karibi, Weusi walikuwa wanacheza tamthilia nzito mbele ya kamera za BBC. Mwaka huohuo Adams alionekana katika filamu ya *Men of Two Worlds*, akiwa Kisenga, mwanamuziki wa Tanganyika aliyesoma London na kurudi nyumbani kusaidia kuwahamisha watu wake kutoka eneo la mbung'o. Filamu ile ina kasoro zote za macho ya kikoloni, lakini ipo. Unaweza kumwona Adams anavyogeuza shingo, anavyokaa kwenye piano, anavyobeba fedheha bila kuinamisha kichwa. Ule mchezo wa kilimani haukurekodiwa. Tunajua ulikuwapo kwa kuwa ratiba za wakati ule zilichapishwa.

Nilimuuliza Mzee kama aliuona. Alisema aliuona, kwa rangi ya kijani. Alikumbuka mkono wa mwanamke Mzungu juu ya mkono wa mume wake Mweusi, na kwamba mama yake aliinuka akaenda kuteleka chai, akarudi, akakaa, na kutazama mpaka mwisho bila kusema kitu. Katika tyubu ya rada, alisema, mikono yote miwili ilikuwa rangi moja. Hilo ndilo tu nililolipata kwake juu ya usiku ule, na huenda ni zaidi ya kilichoandikwa na wengi.

Mitambo ya mwisho ya mistari 405 ilizimwa Januari 1985, na Mzee alikuwa ameshatangulia. Alexandra Palace iliungua Julai 1980, ila upande wa studio ulinusurika. Leo watu wanapanda kilima kuteleza kwenye barafu na kushangilia mashindano ya vishale. Studio za Lime Grove, ambako kazi ilihamia kuanzia 1950, zimebomolewa. Aliyekuwa na miaka kumi Jasmine Bligh alipouliza swali lake, sasa anakaribia tisini au ameshapita.

Wenzetu wengi kutoka Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, Bujumbura na Goma wanafanya kazi ya kutunza wazee hapa Uingereza. Asubuhi wanawavisha, jioni wanawalaza, na katikati kuna televisheni inayosema peke yake ukutani. Ndugu zangu, iteremsheni sauti. Muulizeni bibi yule wa London alikaa sebule ya nani mwaka 1946, nani alikuwa ubavuni mwake, na kama aliwahi kumwona Robert Adams. Mkipata jibu, liandikeni siku hiyohiyo, na tarehe.